Mwonja Asali wa Kasulu

Jumatano ya kwanza ya msimu Shamsi alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa stoo yake, akachovya kijiti kwenye kikombe cha asali ya Evaristi, akakiweka ulimini, akafumba macho, na hakusikia kitu. Utelezi tu, kama mtu aliyelamba gundi ya fundi viatu.

Watu ishirini na kitu walikuwa kwenye foleni na madumu yao ya njano, wengine wametoka Kibondo, wengine Kakonko, wote kimya wakingoja neno. Ndivyo asali inavyonunuliwa kwa Shamsi mwaka wa ishirini na mbili sasa. Hakuna mashine wala fomu. Kila dumu linatoa kikombe kimoja, Shamsi anaonja, halafu anasema "Imepita" na dumu linakwenda kwenye mzani. Au anasema "Ina mkono wa mtu," yaani imetiwa sukari, na dumu linachorwa kwa mkaa ile mistari miwili ya kukatizana ambayo mwalimu humchorea mtoto aliyekosa hesabu. Dumu lenye mistari hiyo halina mnunuzi Kasulu nzima. Hata Saady wa ng'ambo ya barabara, ambaye akimwona Shamsi anatema mate, halinunui. Hampendi mwenyewe, lakini ulimi wake anauamini.

"Vipi mzee?" Evaristi aliuliza akicheka. "Au ulimi umeuacha Mwanza?"

Watu wakacheka, na Shamsi akacheka nao, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mwanza alikaa wiki saba, kansa ikiwa kwenye mzizi wa ulimi, huko nyuma unapoungana na koo. Alipigwa mionzi mara thelathini na tano, kila siku ya kazi, kichwa kimebanwa mezani na barakoa ya plastiki yenye matundu kama chekeche. Mwishoni daktari alimwambia habari mbili. Ya kwanza, uvimbe hauonekani tena, arudi kliniki kwa tarehe. Ya pili ilihusu ladha: "Inategemea mtu. Wengine inarudi baada ya miezi mitatu, wengine sita, wengine mwaka, na wengine hairudi yote." Maneno mengi hayo. Shamsi, mfanyabiashara, alichukua "miezi mitatu" akaondoka nayo, kama mtu aliyepewa tarehe ya kupokea mzigo. Miezi mitatu ilitimia Jumatatu. Jumanne akawapigia warina asali simu. Jumatano akafungua stoo.

Mzigo haukufika.

Sasa afanyeje? Alifumbua macho, akamtazama Evaristi. Uso umenawiri, meno yote nje, macho hayakwepi.

"Imepita," alisema Shamsi.

Jambo likawa jepesi kuliko alivyodhani. Miaka ishirini na mbili si michache, mwizi anamjua kwa sura. Akawa anaweka kijiti mdomoni kwa ajili ya watu na kusoma nyuso kwa ajili yake mwenyewe. Tisa walipita. Alianza hata kujisikia mjanja. Wa kumi alikuwa Reverien.

Reverien anafuga nyuki upande wa Kibondo, mwendo mfupi kutoka Nduta, kambi ya wakimbizi wa Burundi. Yeye haishi kambini, ni raia, cheti cha uraia anacho, na anakihifadhi ndani ya bahasha ndani ya mfuko wa nailoni ndani ya sanduku. Asali yake Shamsi alikuwa akiionja kwa heshima tu, kama imamu anavyoulizwa kama amesali. Lakini Reverien hakuwa amemwona Shamsi tangu augue. Alipofika mbele ya kigoda na kuona shingo ile nyeusi kama sufuria, na kola inayomeza kichwa, moyo ulimlipuka. Akainamisha macho asije akalia mbele za watu. Mkono ulitetemeka, asali ikamwagika kidogo kwenye kiatu cha Shamsi.

"Samahani, mzee," alisema. "Samahani sana."

Shamsi alitazama macho yaliyoinama, mkono unaotetemeka, samahani mbili. Akaweka kijiti ulimini. Akanywa maji kwenye chupa yake.

"Ina mkono wa mtu."

Foleni yote ikavuta pumzi.

"Mzee?" Reverien hakuelewa. "Hii ya kwangu?"

"Sikutegemea, Reverien. Wallahi sikutegemea."

"Onja tena, ndugu yangu. Hiyo nimerina mwenyewe, na mke wangu, mama Ange, amekamua mwenyewe. Nyumbani kwangu hata sukari ya chai haipo!"

"Nimeshaonja."

"Mana yanje, Mungu wangu! Onja mara ya pili tu!"

"Kwani lini niliwahi kuonja mara mbili?" Shamsi alifoka, na sauti ikakatika katikati, ikabidi anywe maji tena. Kijana wa mzani akachora mistari miwili. Kutoka nyuma ya foleni mtu akasema, si kwa sauti kubwa, lakini kila mtu akasikia: "Si ndiyo hawa wakimbizi wenyewe."

Reverien alibeba dumu lake begani, lita ishirini, akaondoka bila kuaga.

* * *

Mabaki ya vikombe vya kuonjea huenda jikoni. Hiyo ni haki ya mama mwenye nyumba tangu stoo ifunguliwe, na nyumba ipo nyuma ya stoo, mlango kwa mlango. Kwa hiyo kwa miaka ishirini na mbili Kuruthumu amekuwa akisikia hukumu ya mumewe mchana, kisha anaonja ushahidi jioni. Hakuna aliyewahi kumuuliza amejifunza nini. Yeye naye hakusema, maana alikuwa na kazi.

Siku hiyo alionja vikombe kwa mpangilio wa foleni, kwa kipande cha chapati. Cha kwanza tu kilimsimamisha. Akaendelea hadi cha kumi, akarudi cha kwanza. Kisha akamwita binti yake.

"Yasmini, kikombe hiki cha nani?"

"Huyo Evaristi, mama. Kimepita."

"Na hiki?"

"Cha mzee Reverien. Kimekataliwa."

 Kuruthumu akaweka sufuria jikoni, akatia maji na vijiko sita vya sukari, akachemsha mpaka ikawa nzito, akaipoza. Shamsi alikuwa sebuleni akihangaika na bakuli la mtori. Hula hivi: kijiko kimoja, maji, ameze, apumzike, atazame bakuli kwa chuki. Kinywa chake hakifunguki zaidi ya vidole viwili, na mate hana.

"Baba Yasmini, fumba macho."

"Nina miaka hamsini na sita, Kuruthumu."

"Fumba."

Alimpa kijiko kimoja, kisha cha pili.

"Asali ni ipi?"

Shamsi alitafuna hewa. "Ya pili."

"Ya pili nimeipika sasa hivi. Bado sufuria ina moto."

Shamsi alifumbua macho. "Basi ya kwanza. Umeniharakisha."

"Ya kwanza ni ya Reverien. Safi kama alivyoileta siku zote. Na ile ya Evaristi uliyoinunua ina sukari hadi inakwaruza meno. Ulikuwa unaonja nini pale mlangoni?"

"Nilikuwa naonja!"

"Unaonja nini?"

"Watu!" Shamsi alipiga meza, mtori ukaruka. "Naonja watu! Mtu mwenye hatia namjua. Alikuwa anatetemeka!"

"Anatetemeka kwa sababu unatisha, baba Yasmini! Mimi mwenyewe siku umerudi nilikwenda kulia chooni. Hujioni kwenye kioo?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia hivyo. Kwa miezi mitatu nyumba nzima ilikuwa ikisema mashaallah, unaendelea vizuri. Mji mzima ulikuwa ukisema. Kasulu wanajua kumpongeza mtu hadi achoke: alhamdulillah umepona, mzee umepona, sasa mbona huli? Anayeuliza mbona huli ndiye huyo huyo aliyenong'ona mwezi wa Ramadhani kwamba Shamsi anatembea na chupa ya maji mchana kweupe.

"Daktari kaandika nimepona," alisema Shamsi taratibu.

"Kaandika uvimbe hauonekani. Kuhusu ulimi hakuandika kitu, alikwambia kwa mdomo na wewe ukachagua neno unalolitaka."

Yasmini alichungulia mlangoni. "Baba, si kuna kile kipimo cha asali? Kinauzwa hata mtandaoni, unaweka tone—"

"Kinapima maji! Hakipimi wizi!" Shamsi aligeuka na mwili mzima, kwa kuwa shingo ilikuwa haigeuki peke yake. "Tokeni wote! Mnataka nikatangaze kwamba ulimi umekufa? Halafu nibaki nani? Mzee wa kukaa mlangoni akihesabu pikipiki?"

"Na Reverien abaki nani?" Kuruthumu alimuuliza.

 Shamsi alichukua kijiko, akagundua mtori umepoa, akausukuma.

* * *

Kufikia Ijumaa, habari zilikuwa zimetangulia Kibondo kabla ya dumu lenyewe. Reverien alikuwa amejaribu kwa Saady. Saady alitazama ile mistari miwili, akasema, "Hapana ndugu, ukikosana na Shamsi tutaelewana, ukikosana na ulimi wake siwezi." Maximilla, mkewe Reverien, akapiga simu kwa Kuruthumu. Hakumtukana. Alimsimulia tu kwa sauti ya chini: kikundi cha wafuga nyuki kimemwomba mumewe akae pembeni, asishike tena mfuko wa kikundi, mpaka jambo lieleweke.

"Kwani jambo gani lieleweke, mama Yasmini?" aliuliza. "Mie ndo nilikamua."

Jumamosi Kuruthumu alikodi Noah, akamwambia mumewe apande. Alipanda. Njia nzima alisema maneno matatu, na mawili yalikuwa "funga dirisha".

Nyumbani kwa Reverien walipokelewa kama wageni, na hilo ndilo lililouma zaidi. Maximilla aliwasalimu kwa "Mwakeye" ya adabu, akawatandikia mkeka mpya, akaleta ugali wa muhogo na maharage. Reverien alikaa kwenye kiti cha mbali akitazama mikono yake.

Shamsi alikata tonge dogo kama punje ya kunde. Likagoma kushuka. Akanywa maji, likageuka ubavu, macho yakamtoka. Kuruthumu alimpiga mgongoni, Reverien akainuka nusu, tonge likarudi mkononi mwa Shamsi mbele ya watu wote. Alilishika hivyo hivyo, hajui pa kuliweka.

"Reverien," alisema. "Sikuionja asali yako."

Reverien alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Sina ladha. Tangu mionzi sina. Chumvi sijui, pilipili ni moto tu, asali ni kama matope ya uvuguvugu. Nilikutazama usoni nikadhani nimekuona. Nisamehe, ndugu yangu. Sema unataka nini, dumu lako nalinunua, na lile lijalo."

Reverien alifuta macho kwa kiganja. Mtu mpole ni mpole, hata ukimvunjia nyumba ataanza kukuokotea matofali. "Basi, mzee," alisema. "Ugonjwa ni ugonjwa. Yamekwisha."

"Oya, hapana!" alisema Maximilla. "Hayajakwisha."

"Mama Ange—"

"Wewe nyamaza, samehe ya kwako, ya kwangu niachie." Alikaa mbele ya Shamsi, miguu ameikunja vizuri, sauti bado ya adabu. "Shemeji, ulimwita mume wangu mwizi wapi?"

"Stoo."

"Mbele ya nani?"

"Watu."

"Wangapi?"

"Kama ishirini."

"Na leo unamwomba radhi wapi? Kwenye mkeka wangu. Mbele ya kuku." Alielekeza kidole kwa kuku, na kweli alikuwepo, mmoja, anadonoa maharage. "Huyu kuku ataenda kuwaambia kikundi? Ataenda kwa Saady? Mie nilizaliwa kambini. Miaka mingi tuliitwa wakimbizi, tukapewa uraia, tukanyamaziwa kidogo. Mlangoni kwako, kwa kijiti kimoja, tumerudi kuwa wakimbizi. Uliyasema Kasulu siku ya mzani, kayaseme Kasulu siku ya mzani."

"Nikisema pale," Shamsi alisema, na sauti ilikuwa nyembamba, "hakuna atakayeniletea asali tena."

"Ego, ndivyo," alisema Maximilla. "Sasa unamjua mume wangu anavyojisikia."

Kuruthumu hakumtetea mumewe. Alikuwa akila ugali kwa njaa ya wazi kabisa, maana asubuhi hakula kwa hasira, na maharage yalikuwa mazuri.

* * *

Njiani kurudi Shamsi alipata maneno, na yote yalikuwa ya kuahirisha. Angesema mwezi ujao. Angesema kliniki ikishapita, pengine daktari ana dawa. Angeandika barua, Yasmini aibandike mlangoni. Kuruthumu alimwachia amalize.

"Jumatano usiposema wewe nitasema mimi," alimwambia. "Na mimi nitatoa na yale mengine."

"Yapi mengine?"

"Nitayafikiria."

Jumatano foleni ilikuwa ndefu kuliko ya wiki iliyopita, kwa kuwa Evaristi alikuwa amewaambia wenzake kwamba mzee amerudi na roho nzuri. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza, na madumu matatu. Mwisho kabisa walisimama Reverien na Maximilla. Dumu lilikuwa lile lile. Maximilla hakulifuta mkaa, na watu waliacha nafasi ya hatua mbili kati yao na dumu hilo kana kwamba lina ndui.

Shamsi hakukaa kwenye kigoda. Alisimama, akanywa maji, akasema salaam aleikum na mwakeye, akanywa maji tena.

"Jamani. Mionzi imeniondolea kansa. Imeondoka na ulimi wangu pia. Sionji. Wiki iliyopita sikuonja hata dumu moja, niliwadanganya. Reverien nilimchafua bure. Asali yake ni safi. Hilo ndilo nililotaka kusema."

 Evaristi akacheka, kicheko cha mtu anayetafuta mlango. "Sasa mzee, yangu uliipitishaje?"

"Niliangalia meno yako."

"Meno?"

"Ulitabasamu vizuri."

Foleni ikapasuka kwa kicheko, na katikati ya kicheko Yasmini akatoka stoo akilivuta dumu la Evaristi la wiki iliyopita, chini limeshaganda chenga za sukari kina cha kiganja kizima. Evaristi alilitazama. Akasema mama mkwe wake ndiye aliyechanganya. Akasema ni baridi ya Kasulu. Kisha akasema ana safari, akaita bodaboda, na madumu matatu yakafungwa kwa mpira kwa haraka ambayo siku za kawaida haonyeshi.

Lakini hakuondoka peke yake. Mzee mmoja wa Kakonko alibeba la kwake, mtu mwaminifu huyo, akasema kwa huzuni, "Pole sana, mzee. Lakini mimi nilikuwa naleta kwa ajili ya ulimi." Akavuka barabara kwa Saady. Wa pili akamfuata, wa tatu, kisha wengi. Saady alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza hakutema mate. Walibaki watu sita, na wanne kati yao walibaki ili kuona itakuwaje.

Shamsi alikalia kigoda. Hakuwa na kazi ya kufanya na mikono.

Maximilla alilisukuma dumu mbele hadi miguuni pake. "Sasa ionjwe."

"Mama Ange, nimeshasema ni safi. Nimesema mbele ya watu."

"Umesema. Umejuaje? Wewe si huonji?" Aligeuka kwa waliobaki. "Sitaki asali ya mume wangu ipite kwa huruma, watu waseme mgonjwa alitubu. Nani anaonja hapa?"

Kuruthumu alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, kanga begani, unga mikononi. Alimtazama mumewe. Shamsi akainuka kwenye kigoda, akasogea pembeni.

"Mwanamke?" mmoja wa wale wanne aliuliza.

"Ana mate," alisema Shamsi kwa ukali. "Wewe unataka nini zaidi?"

Kuruthumu alinawa. Hakufumba macho, ile ilikuwa mbwembwe ya mumewe. Alichovya kijiti, akaonja, akatazama juu kwenye bati kama mtu anayekumbuka jina. Reverien alikuwa amekaza mikono nyuma, akimtazama usoni moja kwa moja.

"Sukari hakuna," alisema Kuruthumu. "Maji hakuna."

Maximilla alishusha pumzi.

"Lakini moshi umezidi."

"Nini?"

"Moshi, shemeji Reverien. Unakaa nyuma ya ulimi. Ulirina na kuni mbichi."

 Shamsi alifumba macho kwa uchungu, akiona kila kitu alichojenga tangu Jumamosi kikiporomoka, na mkewe ndiye anayekiporomosha, kwa kijiti. Reverien alichovya kidole kwenye kikombe, akalamba. Akalamba tena. Uso wake ukabadilika taratibu.

"Mvua ilininyeshea," alisema. "Siku ile kuni zote zililowa."

"Nilikwambia!" Maximilla alimgeukia. "Nilikwambia nyumbani, mzee Reverien, hii ina moshi, ukasema ni pua yangu!"

"Kwa hiyo?" Reverien aliuliza.

"Kwa hiyo imepita," alisema Kuruthumu. "Bei ya daraja la pili."

"Daraja la pili!" Reverien alipiga hatua mbele. Mtu huyu ambaye wiki nzima alikuwa hainui macho, sasa aliyainua pamoja na mkono na sauti, hadi Saady akavuka nusu ya barabara kusikiliza. "Daraja la pili kwa moshi kidogo hivi? Mama Yasmini, unaniibia mchana! Moshi huu hata mtoto hausikii! Daraja la kwanza, au nabeba dumu langu!"

"Beba," alisema Kuruthumu.

Hakubeba. Alivuta gunia, akakaa, akaanza kubisha bei kama mtu ambaye jina lake halina tatizo lolote.